Uwanja wa Maracanã: Fedha za Serikali, Mali ya Nani?

Katika madarasa yetu ya siasa kuna swali moja ambalo hurudi kila mwaka: Je, kitu kilichojengwa kwa fedha za Serikali si ndicho mali ya umma? Mwanafunzi anayeliuliza huwa na hakika ya jibu lake. Serikali ni ya watu, fedha ni za watu, basi na kitu ni cha watu. Kwa mtiririko wa maneno, hoja hiyo haina kasoro. Kasoro yake ni kwamba imeruka hatua moja. Haikujiuliza ni tabaka gani linaloshika hatamu za hiyo Serikali siku fedha inapotoka, wala ni nani anayekabidhiwa funguo siku jengo linapofunguliwa.

Tumeona ni afadhali kulijibu swali hilo kwa mfano mmoja ulio wazi kuliko kulijibu kwa nadharia tupu. Mfano wenyewe ni uwanja wa mpira wa miguu wa Maracanã, katika mji wa Rio de Janeiro, nchini Brazili. Wapo watakaoshangaa kuona jarida la itikadi linajishughulisha na mpira. Tunawakumbusha kwamba Septemba 2023 Kenya, Tanzania na Uganda zilipewa kwa pamoja uenyeji wa fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za 2027, na uenyeji wa aina hiyo hauendi bila kujenga na kukarabati viwanja kwa fedha za umma. Kada asiyejua jinsi uwanja unavyoweza kuwatoka wananchi mikononi, hali wao wenyewe ndio wanaoulipia, atawaelimisha wenzake jambo gani?

UWANJA ULIVYOANZA

Maracanã ulijengwa kwa ajili ya fainali za Kombe la Dunia za 1950. Wakati huo Rio ndiyo iliyokuwa makao makuu ya nchi. Mji wa Brasília ulikuwa haujajengwa. Kazi ilianza Agosti 1948, mahali palipokuwa na uwanja wa mbio za farasi, yaani mahali pa starehe za wenye nacho. Palitokea ubishi mkali. Mwanasiasa Carlos Lacerda aliupinga mpango huo, akataka uwanja ujengwe Jacarepaguá, mbali upande wa magharibi. Mwandishi wa habari za michezo, Mário Filho, alipigania katika gazeti lake ujengwe palepale, karibu na katikati ya mji.

Msomaji asidhani kwamba ubishi huo ulikuwa wa ramani tu. Reli iendayo vitongoji vya kaskazini, wanakokaa wafanyakazi, inapita kando ya mahali hapo. Uwanja ulio kando ya reli ya wafanyakazi hufikiwa kwa nauli ndogo. Uwanja ulio mbali hufikiwa na mwenye gari. Rai ya Mário Filho ndiyo iliyoshinda, na tangu 1966, mwaka aliofariki, uwanja huo unaitwa rasmi kwa jina lake, ingawa watu wameendelea kuuita Maracanã.

Fedha zilitoka kwa serikali ya mji. Lakini sehemu yake ilipatikana kwa njia ambayo inafaa tuikumbuke, maana tutairudia: viliuzwa viti vya kudumu. Mtu mwenye uwezo alilipa, akapewa hati, na kiti kikawa chake.

Tarehe 16 Julai 1950 Brazili ilicheza na Uruguay mchezo wa mwisho wa Kombe, ikafungwa mabao 2 kwa 1. Tiketi zilizolipiwa zilikuwa 173,850, na jumla ya watu waliokuwamo hukadiriwa kuwa karibu 200,000. Wakazi wa Rio kwa hesabu ya mwaka huo walikuwa takriban milioni 2.4. Kwa hiyo alasiri ile karibu mtu mmoja katika kila watu kumi na wawili wa mji ule alikuwa ndani ya uwanja mmoja. Na si siku hiyo tu. Desemba 1963, mchezo wa Flamengo na Fluminense, timu mbili za mji huohuo, uliingiza watu 194,603.

Watu wote hao walikaa wapi? Hapa ndipo penye kiini cha jambo letu. Uwanja ulikuwa na pete mbili kubwa. Pete ya juu ilikuwa ngazi za zege zisizo na viti vya mtu mmoja mmoja. Chini yake palikuwa na viti, vikiwamo vile vya kudumu vya wenye hati. Na chini kabisa, sambamba na nyasi, palikuwa na ukumbi mwembamba wa kusimama uliouzunguka uwanja wote, ukiitwa geral. Sisi tungesema ni mzunguko, isipokuwa huku kwetu mtu wa mzunguko hukaa, na kule alisimama dakika zote tisini. Kiingilio cha geral kilikuwa kidogo kabisa. Makuli, wapagazi, vijana wasio na kazi, watumishi wa majumbani, wote waliweza kukimudu. Mtangazaji mmoja wa redio, Washington Rodrigues, aliwapa jina la geraldinos, na jina hilo likawa fahari yao.

Hatusemi kwamba uwanja ule ulikuwa wa kijamaa. Mpangilio wake ulikuwa picha halisi ya matabaka: mwenye hati kivulini, kabwela juani na mvuani. Mtu wa geral aliwaona wachezaji zaidi miguu kuliko sura, kwa sababu macho yake yalikuwa karibu usawa wa nyasi. Aidha majenerali walioitawala Brazili kwa mabavu kuanzia 1964 hadi 1985 waliupenda sana uwanja huu. Walijenga na viwanja vingine vikubwa majimboni kwa fedha za Serikali, na hakuna mtu mwenye akili aliyedai kwamba huo ulikuwa ujamaa. Tunachosema ni kwamba kabwela alikuwa na nafasi yake, na nafasi hiyo ilikuwa kubwa.

UKARABATI WA AWAMU TATU

Kufikia miaka ya 1990 uwanja ulikuwa umechakaa. Tarehe 19 Julai 1992, katika mchezo wa Flamengo na Botafogo, uzio wa jukwaa la juu uliachia, watu wakaanguka. Watatu walikufa na wengine wengi waliumia. Jambo hili lazima lisemwe waziwazi, kwa sababu wapo wanamapinduzi wa mdomoni wanaopinga kila ukarabati kana kwamba zege lililopasuka ni urithi wa wanyonge. Uwanja ulihitaji kutengenezwa. Hilo halina ubishi. Swali ni ulitengenezwa kwa ajili ya nani.

Awamu ya kwanza ilikuwa kwa ajili ya mashindano ya klabu bingwa za dunia ya Januari 2000. Ngazi za juu ziliwekewa viti, na idadi ya watu ikashuka hadi kama 100,000. Awamu ya pili ilikuwa kati ya 2005 na 2007, kwa ajili ya Michezo ya Mataifa ya Amerika. Hapo geral ilifungwa na kuvunjwa, nyasi zikateremshwa, na viti vikawekwa mahali walipokuwa wakisimama watu. Gharama ilikuwa takriban reali milioni 300. Awamu ya tatu, iliyo kubwa kuliko zote, ilianza 2010, baada ya Brazili kukabidhiwa Kombe la Dunia la 2014 na Rio kukabidhiwa Michezo ya Olimpiki ya 2016. Safari hii uwanja haukukarabatiwa. Ulibomolewa kwa ndani ukajengwa upya. Hata paa la zege la 1950, lililokuwamo katika urithi wa taifa unaolindwa na sheria tangu 2000, lilivunjwa, na mahali pake likawekwa paa la turubai maalumu. Mkataba ulianza kwa reali milioni 705. Ulipokwisha ulikuwa umepita reali bilioni moja. Uwanja uliokuwa ukichukua watu karibu 200,000 sasa ulikuwa wa watu wasiofika 80,000.

Kwa hiyo mara tatu katika muda wa miaka kumi na mitano umma ulilipa, na mara zote tatu nafasi ya umma ikapungua. Zaidi ya hayo, kazi ya 2007, iliyogharimu mamia ya mamilioni, ilivunjwa kabla haijatimiza miaka minne. Mkulima akijenga ghala, akalibomoa baada ya mavuno matatu ili ajenge jingine dogo zaidi kwa bei mara tatu, majirani zake watasema ana wazimu. Lakini mkandarasi aliyelipwa kujenga, kisha akalipwa kubomoa, kisha akalipwa kujenga tena, hana wazimu hata kidogo.

Wataalamu wa upande ule hutetea kwamba usalama na masharti ya FIFA ndiyo yaliyolazimisha viti kila mahali. Hoja ya FIFA ni ya kweli kwa michezo ya Kombe lenyewe. Lakini Kombe ni mwezi mmoja, na uwanja ni wa miaka hamsini. Huko Ujerumani, katika mji wa Dortmund, lipo jukwaa moja la kusimama linalochukua watu wapatao 25,000 katika michezo ya ligi, na kwa ajili ya Kombe la Dunia la 2006 liliwekewa viti. Ufundi basi upo, tena katika nchi ya kibepari. Kuifuta geral hakukuwa amri ya ufundi. Kulikuwa uamuzi wa siasa, na uamuzi huo ulivikwa koti la ufundi ili watu wasiujadili.

FEDHA ILIPITA WAPI

Sasa tuifuate fedha, maana hapa ndipo wanafunzi wengi hupotea.

Uwanja ni mali ya Serikali ya Jimbo la Rio de Janeiro. Jimbo lilitia sahihi mkataba na muungano wa makampuni makubwa ya ujenzi: Odebrecht, Andrade Gutierrez na Delta, ingawa hiyo ya tatu ilijitoa 2012. Jimbo halikuwa na fedha taslimu za kutosha, kwa hiyo lilikopa reali milioni 400 kutoka Benki ya Maendeleo ya Taifa, BNDES, katika mpango maalumu wa mikopo ya viwanja vya Kombe. Na BNDES ilizipata wapi? Miongoni mwa vyanzo vyake ni mfuko wa wafanyakazi uliowekwa kikatiba, ambao pia hulipa posho ya watu waliopoteza kazi. Katiba ya 1988 iliagiza wakati huo kwamba angalau asilimia 40 ya makusanyo ya mfuko huo iende katika benki hiyo ikakuze uchumi. Tuangalie basi mzunguko wake: makato yanayolipwa kwa ajili ya mfanyakazi yanaingia katika mfuko, mfuko unakwenda benki, benki inalikopesha jimbo, jimbo linamlipa mkandarasi, na deni linabaki kwa jimbo, ambalo litalilipa kwa kodi ya mfanyakazi yuleyule. Katika mduara huu wote mtu mmoja tu hakopi wala hadaiwi, naye ni mkandarasi.

Wafanyakazi wa ujenzi waliliona hilo mapema kuliko wasomi. Agosti 2011 waligoma baada ya mwenzao kujeruhiwa na pipa lililolipuka. Septemba wakagoma tena kwa sababu ya chakula kibovu walichopewa kazini. Katika mradi wa mamia ya mamilioni, hapakuwa na wali usiochacha.

Ujenzi ulipokwisha, 2013, jimbo lilikodisha uwanja kwa miaka 35 kwa kampuni ya ubia. Odebrecht, mjenzi yuleyule, ilikuwa na asilimia 90. Asilimia 5 zilikuwa za kampuni ya Kimarekani, AEG, na 5 nyingine za IMX, kampuni ya tajiri Eike Batista. Ifahamike kwamba IMX ndiyo iliyofanya uchambuzi wa awali ulioonyesha jinsi uwanja unavyofaa kukodishwa. Ni sawa na kumwita dalali akuthaminie nyumba, kisha yeye mwenyewe akaja kuinunua. Kodi waliyokubaliana ilikuwa reali milioni 5.5 kwa mwaka, mara 33. Mwanafunzi achukue kalamu: 5.5 mara 33 ni 181.5. Jimbo lilitumia zaidi ya reali bilioni moja, na kwa muda wa miaka 35 lingerudishiwa reali milioni 181 na nusu, ambazo hazifiki hata nusu ya ule mkopo wa benki, achilia mbali riba. Wakodishaji waliahidi pia kutumia mamia ya mamilioni kuzunguka uwanja, lakini ahadi hiyo ilihusu maegesho ya magari, maduka na vitegauchumi ambavyo wao ndio wangevuna.

Hapo ndipo tunapolijibu swali la mwanafunzi wetu. Umilikaji si karatasi peke yake. Mwenye mali ni yule anayeamua kitu kifanyweje, anayekitumia, na anayechukua faida yake. Hati ya Maracanã haikubadilika hata siku moja: tangu mwanzo hadi leo ni mali ya dola. Lakini uwezo wa kuamua ulikwenda kwa FIFA na makandarasi, faida ilikwenda kwa kampuni ya ubia, na matumizi yalikwenda kwa wenye kumudu tiketi. Umma ulibakiwa na hati na deni. Mabepari hawana haja ya kuinunua mali ya dola ikiwa wanaweza kuitumia bila kuinunua, tena ikakarabatiwa kwa gharama ya wengine. Mali ya dola huwa mali ya umma pale tu umma wenyewe unapokuwa na sauti ndani ya hiyo dola.

Kuhusu tiketi tutoe mfano mmoja tu. Fainali ya Kombe la Brazili ya Novemba 2013, Flamengo na Atlético Paranaense, ilichezwa hapo. Bei kamili ya tiketi ya chini ilikuwa reali 250. Kima cha chini cha mshahara mwaka huo kilikuwa reali 678 kwa mwezi. Mtoto wa geraldino, ili aende kuiangalia timu ya baba yake, angetoa zaidi ya theluthi ya mshahara wa mwezi mzima kwa dakika tisini.

Lipo jambo jingine ambalo makada wetu hawana budi kulitafakari kwa makini, hata kama linauma. Miaka yote hiyo Serikali ya taifa la Brazili iliongozwa na Chama cha Wafanyakazi, chama kilichozaliwa katika migomo ya wafanyakazi wa viwandani. Chama hicho kilifanya mengi mema: kilipandisha kima cha chini cha mshahara, na posho yake kwa familia maskini iliwatoa mamilioni katika ufukara. Lakini katika suala la viwanja kilishirikiana na magavana wa vyama vingine na makampuni yaleyale yaliyokuwa yamenenepa wakati wa majenerali. Odebrecht haikuondoka madarakani 1985. Chama kilichukua Serikali. Hakikuchukua idara zinazoandika zabuni, wala hakikuwa na matawi yenye nguvu ya kuuliza maswali mahali mradi ulipokuwa ukijengwa. Jina la chama halimtishi mkandarasi.

WALIOKATAA

Mradi haukuishia ndani ya kuta. Mpango wa kukodisha ulikusudia kubomoa vyote vilivyouzunguka uwanja: kiwanja cha riadha cha Célio de Barros, mabwawa ya kuogelea ya Júlio Delamare, shule ya msingi ya Friedenreich iliyokuwa miongoni mwa shule bora za serikali ya mji, na jengo la kale lililokuwa Makumbusho ya Wenyeji wa Asili, ambalo watu wa makabila ya asili walikuwa wakikaa tangu 2006. Kwa maneno mengine, ili kuutukuza mchezo, wangebomoa mahali watoto wanapochezea. Familia za kitongoji cha Metrô-Mangueira, hatua chache kutoka uwanjani, zilianza kuhamishwa 2010, na za kwanza zilipelekwa Cosmos, mbali kabisa magharibi mwa mji. Mfanyakazi aliyekuwa akienda kazini kwa miguu alijikuta anaanza safari kabla ya alfajiri.

Tarehe 22 Machi 2013 askari wa kuzuia ghasia waliwatoa kwa nguvu wenyeji wa asili katika lile jengo. Kiwanja cha riadha kilifungwa, na mahali wanariadha walipokuwa wakikimbia pakawa pa kuwekea vifaa vya ujenzi. Lakini wazazi na walimu wa Friedenreich, waogeleaji, wanariadha, wenyeji wa asili na washabiki waliunda kamati na kuandamana pamoja. Kisha Juni 2013 nauli za mabasi zilipanda kwa senti ishirini katika miji mikubwa, na mamilioni wakaingia barabarani nchi nzima. Hawakudai nauli peke yake. Walidai hospitali na shule zenye ubora uleule ambao FIFA iliudai kwa viwanja. Tarehe 30 Juni Brazili iliifunga Hispania mabao 3 kwa 0 ndani ya Maracanã mpya, na nje polisi waliwatawanya waandamanaji kwa mabomu ya machozi. Katika majuma yaliyofuata Gavana Sérgio Cabral alirudi nyuma: shule haikubomolewa, mabwawa hayakubomolewa, na jengo la makumbusho lilibaki limesimama.

Tunasisitiza jambo hili kwa sababu katika habari nyingi za Maracanã hupitishwa haraka. Kilichookolewa pale hakikuokolewa na baraza la jimbo, wala mahakama, wala mkaguzi wa hesabu. Kiliokolewa na wazazi wa shule moja ya msingi waliokataa kunyamaza, na walikataa katika wakati ambapo nchi nzima ilikuwa macho. Kamati hiyohiyo ilikuwapo kabla ya Juni, na kabla ya Juni haikusikilizwa. Mwenye kufundisha uhusiano kati ya madai ya mahali pamoja na harakati za umma mzima hatapata mfano ulio safi zaidi.

Ama wakaguzi, wao walifika baadaye. Mahakama ya Hesabu ya jimbo iligundua kwamba kazi ilitozwa bei ya kuzidi kwa karibu reali milioni 200. Novemba 2016 Cabral, aliyekwisha kuacha ugavana, alikamatwa, na wakuu wa Andrade Gutierrez walieleza mbele ya waendesha mashtaka kwamba alidai asilimia 5 ya mkataba wa uwanja. Alihukumiwa katika kesi nyingi, ingawa baadhi ya hukumu zilifutwa baadaye na mahakama za juu. Machi 2017 washauri watano kati ya saba wa Mahakama ya Hesabu yenyewe walikamatwa, wakituhumiwa kupokea mgawo wa mikataba waliyopewa kuikagua. Paka alikuwa ameajiriwa na panya.

UWANJA BAADA YA SHEREHE

Michezo ya Olimpiki ilipomalizika 2016, kamati ya michezo na kampuni ya ubia zilianza kubishana nani atengeneze uharibifu. Walipokuwa wakibishana, hakuna aliyemwagilia nyasi. Kufikia Januari 2017 nyasi zilikuwa zimekauka, viti vimeng'olewa, televisheni zimeibwa, hata sanamu ya Mário Filho imeibwa, na umeme umekatwa kwa sababu ya deni la karibu reali milioni 3. Uwanja wa bilioni moja ulikaa gizani.

Ng'ambo ya barabara kinatazamana nao Chuo Kikuu cha Jimbo, kilichojengwa mahali palipokuwa na kitongoji cha makabwela kilichoitwa Esqueleto, ambacho kiliondolewa miaka ya 1960. Juni 2016, wiki saba kabla ya Olimpiki, jimbo lilitangaza hali ya maafa katika fedha zake. Mishahara ya walimu, wauguzi na malipo ya wastaafu yalicheleweshwa miezi kadhaa, na chuo hicho kikasimamisha masomo kwa sababu hakikuwa na fedha hata za usafi. Hatudai kwamba uwanja peke yake ndio uliolifilisi jimbo. Bei ya mafuta ya petroli ilikuwa imeshuka, na misamaha ya kodi kwa makampuni ilikuwa imelikausha hazina. Lakini deni la uwanja lilikuwamo katika vitabu vilevile ambamo mshahara wa mwuguzi ulikosa nafasi.

Machi 2019 jimbo liliufuta ule mkataba wa miaka 35, na uwanja ukawekwa kwa muda chini ya klabu za Flamengo na Fluminense. Mwaka 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipoingia, hospitali ya muda ilijengwa juu ya kile kiwanja cha riadha cha Célio de Barros. Mpira ulirejea tarehe 18 Juni bila watazamaji, wagonjwa wakiwa wamelazwa upande wa pili wa ukuta, na siku hiyohiyo wagonjwa wawili walifariki hapo.

Mwaka 2024 klabu hizo mbili zilipewa mkataba wa miaka 20, kwa malipo ya takriban reali milioni 20 kwa mwaka. Hesabu hii ni nafuu kuliko ile ya 5.5, nasi hatuoni sababu ya kuificha: klabu, kwa vyovyote, ina wanachama wanaoweza kumwuliza mwenyekiti wao maswali, na Odebrecht haikuwa na wanachama. Hata hivyo mwanachama wa klabu ya leo ni mtu anayelipa ada ya kila mwezi ili apate punguzo la tiketi.

Tuliahidi kurudia viti vya kudumu. Wale walionunua viti miaka ya 1940, na warithi wao, haki yao haikuguswa na ukarabati wowote. Uwanja ulipovunjwa na kujengwa upya, viti vyao vilihesabiwa na kurudishwa kwa mujibu wa hati, na kila mkataba wa kukodisha umelazimika kuviheshimu. Watu wa geral walikuwa wengi mara nyingi zaidi, na walisimama pale kwa miaka hamsini na mitano. Lakini hakuna aliyewaandikia hati, na Aprili 2005, baada ya mchezo wa mwisho, walitolewa nje kama kawaida na mageti yakafungwa.